Bondia wa Kariakoo anayepanda mizani kabla ya gunia

Saa moja kasoro robo asubuhi, Mtaa wa Tandamti, Kariakoo. Lori la karanga kutoka Nanyumbu limeegeshwa mbele ya duka la nafaka, turubai limefunguliwa nusu, na wapagazi wamejitanda viroba mabegani wakisubiri kuanza kushusha. Hawaanzi. Mlangoni, msichana mwembamba wa kiuno na mpana wa mabega anavua kandambili zake, anazipanga pembeni, kisha anapanda juu ya mizani ya kupimia magunia na kusimama wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Namba nyekundu zinachezacheza, zinatulia: 49.9.

"Ongeza," anasema.

"Niongeze nini?" anauliza mwenye duka, ambaye ameomba jina lake lisiandikwe, na si ajabu.

"Kilo moja na gramu mia tisa. Leo nina hamsini na moja na gramu mia nane, na nguo hizihizi. Hata maji sijanywa."

"Wewe ni nani, dada? Serikali?"

"Mimi ni kilo hamsini na moja na gramu mia nane," anajibu, na wala hashuki.

Wapagazi wanacheka. Marcelino, mwenye mzigo, ameketi kwenye ngazi ya lori lake anajipepea kwa kofia, hana haraka hata kidogo. Mwenye duka anaangalia kulia na kushoto, anaona watu wa maduka ya jirani wameanza kusogea, anainama na kubonyeza vitufe vya mizani. Mara ya tatu ndipo inasema kweli. Msichana anashuka, anavaa kandambili, na magunia yanaanza kushuka.

Jina lake ni Mwanne Nandonde, ana miaka 25. Ni bondia wa ngumi za ridhaa, zile ambazo mtu hupigwa bure na akishinda hupewa medali, soda na nauli ya kurudi nyumbani. Anacheza uzani wa kilo 51. Amepanda ulingoni mara kumi na nne, ameshinda kumi. Kwa kuwa bondia lazima ajue uzito wake kila siku kama mtu mwingine anavyojua jina lake, wasafirishaji wa karanga, choroko na kunde kutoka kusini wamegundua kwamba hakuna jiwe la mizani wanaloweza kuliamini kama yeye.

"Jiwe unaweza kulibadilisha," anasema Marcelino. "Huyu utambadilishaje? Labda umlishe."

Kwa kila lori hulipwa shilingi elfu tano. Wiki nzuri huwa na malori manne, wiki mbaya huwa na moja. Kinachopungua anakipata kwa kazi aliyoianza siku alipokuja mjini: kushona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano nene iliyopinda, shilingi mia mbili kwa gunia. Viganja vyake vimeota sugu kiasi kwamba akikushika mkono unadhani umeshika ubao.

Kazi hiyo ya shazia ndiyo iliyomwingiza kwenye ngumi. Miaka sita iliyopita alikuwa mfanyakazi katika stoo ya nafaka ya mzee Abdulrazak, mfanyabiashara anayejulikana Kariakoo nzima. Siku moja alikuja mtu anayeitwa Kasmir, kocha wa kambi ya ngumi iliyoko uani mwa gereji moja Ilala, anatafuta fundi wa kushona begi lake la mazoezi lililopasuka. Mafundi cherehani wote walikuwa wamemkimbia, maana ngozi ile ilikuwa inavunja sindano.

Mwanne akaenda, akalishona kwa saa mbili, akamaliza. Halafu akauliza kama anaweza kujaribu mshono.

"Alipiga mara mbili tu," anakumbuka Kasmir, mwanamume wa miaka 52 mwenye pua iliyovunjika mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. "Mara ya kwanza nikasema, huyu ana hasira. Mara ya pili nikasema, hapana, huyu ana mkono. Nikamwambia kesho uje na raba. Akaniuliza, raba za nani? Nikampa za kwangu, akaweka magazeti mbele zikamkaa."

Nyumbani Magomeni, anakoishi na shangazi yake, Badria, habari hiyo haikupokelewa kwa vigelegele. Shangazi hakuwa na tatizo na ngumi. Tatizo lake lilikuwa sahani ya Mwanne.

"Ndugu yangu kanikabidhi mtoto kibonge, mimi namrudishia fimbo," anasema Badria huku akikuna nazi. "Majirani watasema namnyima chakula. Nikipika wali anakula mchuzi. Sasa mchuzi bila wali ni kitu gani? Si maji ya moto hayo?"

Katika miaka ile mambo yalimnyookea. Mzee Abdulrazak alimruhusu kutoka saa tisa alasiri ili awahi kambini. Alimnunulia glovu. Baadaye akawa mfadhili wa kambi yote: kila mashindano ya mikoani, basi dogo lililowabeba mabondia wa Kasmir lililipiwa na yeye. Alikuwa akipenda kuwaonyesha wageni wake, "Huyu binti yangu ni bondia, msimguse."

Kinachomla mtu kimo nguoni mwake, wahenga walishasema, na Mwanne anakiri kwamba yeye hakukiona kwa sababu alikuwa amekivaa.

Stoo ile ilikuwa na mizani mbili. Moja ilikaa mbele, ya kuuzia wateja. Nyingine ilikaa mlango wa nyuma, malori yanakoshushia, nayo ilikuwa ya kupokelea mzigo wa wakulima. Kila asubuhi kabla ya kazi Mwanne alikuwa akijipima, na siku zote alijipima kwenye ile ya nyuma, kwa sababu moja tu: huko hakukuwa na watu wa kumtazama. Hakuna aliyewahi kuipinga namba yake, maana kwenye mashindano madogo waliandika uzito ambao bondia mwenyewe aliutaja.

Mwaka jana ulifika mchujo wa kuunda timu ya taifa. Kwa miezi minne alikimbia juani amevaa masweta mawili, akaacha chapati, akaacha mihogo, akaacha hata ndizi. Wenzake kambini walimshauri apande kwenye zile mizani ndogo za barabarani ambapo mtu anapimwa kwa shilingi mia mbili. Akawacheka.

"Niliwaambia, mizani inayopima gunia la kilo mia itashindwa kunipima mimi? Nilikuwa najiona nina akili kuliko wote."

Asubuhi ya kupima uzito, mizani ya stoo ilisema 51. Saa mbili baadaye, mbele ya maofisa wa mchujo, mizani ilisema 53 na gramu 600.

Mwanne hakulia. Aligomba. Aliwaambia maofisa mizani yao ni mbovu, akataka iletwe nyingine. Ofisa mmoja, mama mtulivu, aliwapandisha mabondia watatu waliokuwa wamepimwa hospitali siku hiyohiyo. Wote wakasoma sawa na karatasi zao. Kisha akafuta jina la Mwanne kwa rula, mstari ulionyooka kabisa. Mstari huo bado unamuuma.

Alitoka nje akapanda mizani ya barabarani. Hamsini na tatu na nusu. Akaingia duka la dawa. Hamsini na nne kasoro kidogo, na viatu.

"Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro," anasema. "Kocha alidhani nafikiria ngumi. Mimi nilikuwa nafikiria karanga za baba."

Baba yake, mzee Ismail Nandonde, ni mkulima wa Nanyumbu. Kwa misimu saba alileta karanga zake katika stoo ile. Ndiyo njia ambayo Mwanne aliipatia kazi. Mwezi mmoja kabla ya mchujo alikuwa amekuja na magunia ishirini na mawili, kila moja limepimwa kijijini likafika kilo mia. Kwenye mlango wa nyuma wa stoo kila moja lilisoma tisini na tano. Mzee alishangaa, akashika kidevu, akasema labda zimekauka njiani.

"Na mimi nikamjibu," anasema Mwanne, na hapa sauti yake inapungua. "Mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Nikamwambia, baba, mizani ya kijijini ni mbovu, hii ya kwetu ni ya uhakika, mimi najipimia hiyo. Akaniamini. Angemwamini nani mwingine? Halafu nikachukua shazia nikamshonea magunia yake."

Magunia ishirini na mawili, kilo tano kila moja. Zaidi ya gunia zima la karanga lilikuwa limeyeyuka mbele ya macho ya mwenyewe, na bintiye ndiye aliyekuwa shahidi wa mwizi. Ukimuuliza Mwanne ni pigo gani lililomuuma kuliko yote katika maisha yake ya ngumi, hatakutajia hata moja la ulingoni.

Jumatatu iliyofuata alifika kazini na karatasi ya zahanati mkononi. Lori lilikuwa linashusha. Mbele ya wakulima sita, wapagazi na mzee Abdulrazak mwenyewe akiwa na kikombe cha kahawa, alivua kandambili akapanda mizani ya nyuma. Ikasema 51. Akaipitisha ile karatasi mkono kwa mkono mpaka ikamrudia. Ilisema 53 na nusu.

"Nikawauliza, jamani, mimi nimepunjwa kilo mbili na nusu hapa hapa nimesimama. Nyie magunia yenu yamelala, hayasemi. Mmepunjwa ngapi?"

Mzee Abdulrazak alicheka kwanza. Akasema binti kala nini leo. Alipoona hakuna anayecheka naye, akamwambia akachukue glovu zake na asirudi.

Alipotafutwa na mwandishi wa makala haya, mzee Abdulrazak hakukwepa. Alinikaribisha kahawa. "Mizani ni chuma, na chuma kinazeeka kama mtu," alisema. "Ile nimeshaitoa, nimeweka mpya. Lakini yule binti nilimlea. Angeniita pembeni akaniambia, baba, mizani yako imeharibika, ningeitengeneza. Yeye akaniaibisha mbele ya watu. Hilo ndilo silisahau."

Mwanne ana jibu la hilo, na analitoa bila kupandisha sauti: "Baba yangu mimi alipunjwa mbele ya watu. Mbona yeye hakuitwa pembeni?"

Habari ilisafiri hadi Masasi na Mangaka, huko kusini, kabla yeye hajapata kazi nyingine. Wiki ya pili Marcelino alimfuata kambini, kichwani akiwa na wazo na mkononi akiwa na mfuko wa karanga, ambazo Mwanne hakuzila. Alimwomba aje apande mizani kabla ya mzigo wake. Wakafuata wengine. Leo kila alfajiri anajipima mara mbili, kwenye mizani ambayo kambi iliinunua baada ya mchujo ule na kwenye ya zahanati ya jirani, na namba hiyo anaituma kwa wasafirishaji kwenye simu. Kuna maduka yanayomkaribisha kwa kiti. Kuna maduka yaliyomfungia mlango. Kuna mwenye duka aliyemwagia maji mizani yake akidai inaoshwa. Mwanne alisubiri saa mbili ikakauka.

Mambo yangeishia hapo, hii ingekuwa habari ya kufurahisha tu. Lakini mwaka huu mchujo umerudi, unafanyika Dodoma wiki ijayo, na kambi ya Kasmir ina mabondia tisa wanaotakiwa kwenda. Nauli, chakula na malazi ya siku nne kwa watu tisa si kitu ambacho kambi ya uani mwa gereji inaweza kukitoa mfukoni.

Mwezi uliopita mzee Abdulrazak alimwita kocha. Alisema atalipia wote tisa kama zamani, na basi ataleta. Alitaka jambo moja: Mwanne afike stoo siku ya lori, asimame mbele ya wakulima, aseme kwamba mwaka jana alizidisha kula na akatafuta kisingizio. Sentensi moja. Halafu yaishe.

Kasmir aliubeba ujumbe huo mpaka kambini akauweka mbele ya wote. Hata mafundi wa gereji walizima mashine wasikie jibu.

"Sikumlazimisha," anasema kocha. "Lakini sikumwambia akatae pia. Nilinyamaza. Hilo linanisumbua mpaka leo."

Mwanne alikataa palepale. Alisema akisimama mbele ya wakulima na kusema vile, atakuwa anamwambia baba yake kwa mara ya pili kwamba mizani ni ya uhakika.

Wamechangishana walichoweza. Mafundi wa gereji wametoa, Marcelino na wenzake wametoa, shangazi Badria ameuza vitenge viwili. Imetosha watu watatu. Kocha amechagua kwa rekodi ya mapambano, na Mwanne ni mmoja wao. Sita watabaki Dar es Salaam.

Mmoja wa hao sita ni Rachel, mwenye miaka 21, uzani wa kilo 60, anayeuza chapati na supu Ilala na ambaye huu ungekuwa mchujo wake wa kwanza. Kwa wiki tatu hakumsalimia Mwanne. Anapoulizwa, hafichi.

"Kila mtu anamsifu eti ana msimamo. Sawa. Na mimi nina msimamo gani? Wa kubaki nyumbani? Yeye kasema hapana kwa mdomo wake, mimi nimelipa kwa mwaka wangu. Angalau basi angeniachia nafasi yake ya safari."

Hakumwachia, na hakusudii. Hili ndilo jambo linalowagawa watu wanaomjua Mwanne, na yeye hataki kulipamba.

"Nimelifikiria," anasema. "Nikibaki, mzee atakuwa amenipunja mara ya tatu. Mara ya kwanza kwa baba, mara ya pili kwenye mchujo, ya tatu hii. Siachi. Wakinichukia wanichukie nikiwa ulingoni."

Jioni ya Jumatano, siku nane kabla ya safari, joto uani mwa gereji ni la kuchemsha maziwa. Kocha amewapanga wachezeshane, na kwa sababu hakuna mwingine aliye tayari, amemweka Rachel mbele ya Mwanne. Kilo tisa zinawatenganisha. Kasmir anasema ni kumzoesha Mwanne presha. Walioko pale wanajua pia kwamba ni kumpa Rachel nafasi ya kusema lililo moyoni.

Rachel analisema kwa mikono. Raundi ya kwanza anamsukuma Mwanne mpaka kwenye kamba. Raundi ya pili konde lake la kulia linampata kwenye mdomo, na damu inatoka. Kocha anauliza kama asimamishe. Mwanne anatikisa kichwa. Raundi ya tatu anaanza kuingia ndani, chini ya mikono mirefu ya mwenzake, anapiga mbavu mara mbili mbili na kutoka. Anayetazama anaweza kuona kwamba wote wawili wanafaa kwenda Dodoma, na hilo linatia uchungu.

Wakiwa wamekaa wanafungua bandeji, mwandishi anamuuliza Mwanne: leo, akijua gharama iliyotokea, ile sentensi moja angeisema?

Anatema damu kwenye kopo. Anajibu huku akimtazama Rachel, si mwandishi.

"Ningekataa tena. Na bado ningekuwa nimemkosea huyu. Yote mawili ni kweli, sina la kuchagua hapo."

Rachel anaendelea kukunja bandeji yake kwa muda, taratibu, upande mmoja mpaka mwingine.

"Asubuhi una ngapi?" anauliza. Ni maneno yake ya kwanza kwa Mwanne tangu mwezi uanze.

"Hamsini na moja na mia nane. Nguo ni gramu mia tatu. Bado nusu kilo."

"Nusu kilo ni mate tu hayo, unayatema yanaisha. Kesho tunakimbia wote, alfajiri, mpaka Jangwani na kurudi. Mimi naweka mwendo." Anasimama, anaitupia bandeji ndani ya mfuko. "Lakini nisikilize, Mwanne. Urudi na nafasi ya timu ya taifa. Ukirudi mikono mitupu umekula mwaka wangu na wako, usinisalimie tena."

"Nitarudi nayo," anasema Mwanne.

"Sijakuuliza kama utarudi nayo," anasema Rachel, na kumnyooshea chupa ya maji. "Sukutua mdomo. Usimeze."